Nani Atamtajia Mama Majina?

Yustina mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kuuliza hali, lakini wewe nakusikia hapo uani unasugua sufuria kwa mchanga huku ukiimba ule wimbo wa kwaya, kwa hiyo najua hujambo. Mimi pia sijambo, ila vidole vimevimba kama kawaida yake wakati wa mvua. Ukiona mwandiko unayumba, usinicheke.

Nakuandikia na huku tumo nyumba moja kwa sababu nikisema kwa mdomo nitapotea katikati. Wewe utanitajia neno, kisha utanitajia lingine, na mwisho tutakuwa tumeongea ya kwako, ya kwangu yamebaki tumboni. Karatasi haina haraka na mimi. Nimeanza asubuhi, kichwa kikiwa bado chepesi, nikichoka nitalala kidogo kisha niendelee. Jioni nitakupa mkononi uisome leo hii hii, maana kesho alfajiri lori la duka linarudi Sumbawanga na wewe umo.

Habari za blanketi, sabuni na pa kuficha nauli ya kutoka Sumbawanga hadi Mbeya, baba yako ameshakueleza. Atakueleza tena. Yule mtu anarudia maneno kuliko mimi, na mimi angalau nina ruhusa ya daktari.

Ninachotaka kusema ni kuhusu yale uliyomwambia juzi, mlipokuwa mnapalilia maharage. Ameniambia. Usimkasirikie, siri humwasha kama upupu. Umemwambia huendi shule ya sekondari. Shule nzima amechaguliwa msichana mmoja, naye anasema haendi! Baba yako alipokuuliza kwa nini, ukamjibu, "Nikienda, nani atamtajia Mama majina?" Alirudi akakaa kwenye kigoda akalitazama jembe, hata nikamwuliza jembe limemkosea nini.

Jibu ninalo mimi, ila sina budi kuanzia mbali.

Tulipohamia hapa kijijini wewe ulikuwa bado mdogo, meno ya mbele hayapo. Tuliletwa watu wa huku na huku, wa kutoka bondeni upande wa Ilemba, wa karibu na Chala, tukapangwa kwa mistari na kila nyumba ikapewa kiwanja chake. Mwaka ule kila mtu alikuwa anasahau jina la kila mtu. Ungesikia, "Ewe mama nanihii wa nyumba ile ya pembeni!" na akina mama watano wanageuka. Kwa hiyo kusahau kwangu kulijificha ndani ya kusahau kwa wengine. Magoti yalikuwa yameshaanza kuuma, vidole vilikuwa vinakataa kukunjika asubuhi, na nikishinda juani mashavu yalikuwa yanababuka mekundu. Hayo niliyaona. La kichwa sikuliona. Wenzangu wakazoeana, wakajuana hadi majina ya mbwa, mimi bado nilikuwa nasema "mama nanihii".

Nilipoanza kuona haya, nikapata dawa yangu mwenyewe. Siku zile neno "ndugu" lilikuwa halilipiwi, kila mtu ni ndugu. Nikaanza: "Habari za asubuhi, ndugu." "Karibu ugali, ndugu." "Ndugu, naomba uniazime chungio." Jina la nini tena? Hata bibi yako, mama mzazi wa baba yako, siku moja nilimpigia magoti nikamwambia, "Shikamoo, ndugu." Alimwita baba yako pembeni akamwuliza, "Mkeo amekuwa katibu tarafa?"

Unajua kilichofuata. Watu walidhani nimeiva siasa. Kwenye mkutano wa kijiji mtu akasimama akasema hapa kuna mama mmoja anayeishi ujamaa kwa vitendo, hambagui yeyote, na kabla sijajua nasemwa mimi, nikawa nimechaguliwa kiongozi wa kamati ya akina mama. Walipiga vigelegele, nami nikapiga pia nikidhani amechaguliwa mtu mwingine.

Basi nikaingia vikaoni. Mwanangu, kikao kwa mtu mwenye kichwa kama changu ni mateso. Mwenyekiti anaanza na mbegu, anaruka kwenye ng'ombe walioingia shamba la kijiji, anarudi kwenye mbegu, na mimi nimebaki kule kwa ng'ombe. Nilikuwa naona aibu kusema sijafuata. Kila nikitazamwa nilijibu "ndiyo". Siku moja nilisema ndiyo, watu wakanishangilia sana, nikarudi nyumbani kifua mbele. Asubuhi wakaja vijana na sururu kumchukua baba yako: nilikuwa nimemtoa kuchimba choo cha shule. Alichimba. Kila jioni alirudi na udongo hadi kwenye nyusi, ananitazama, ananiuliza kwa upole, "Leo umesema ndiyo kwa nani?" Shuleni kwenu huko, mwalimu akisema jambo usilielewe, usiniige. Mwambie arudie. Watakucheka dakika moja halafu watasahau. Choo kile kipo mpaka leo.

Kisha akaja yule mgeni kutoka wilayani kutazama bustani za akina mama. Hapa ndipo ulipoingia wewe, kwa hiyo vumilia nikusimulie nilivyoona mimi. Tumejipanga mstari, vitambaa vyeupe kichwani, nami natakiwa kuwatambulisha. Nikaanza, "Ndugu mgeni, huyu ni ndugu yetu. Na huyu naye ni ndugu. Na huyu pia ni ndugu." Mgeni akacheka, akasema kweli kijiji hiki kimeelewa. Halafu akampa mkono wa kwanza kwenye mstari, akaniuliza, "Ndugu nani?"

Yule mama nilikuwa nimelima naye asubuhi hiyo hiyo. Namjua anavyokohoa, namjua anavyopenda chumvi nyingi. Jina, hakuna. Mgeni ameshika mkono wa mtu hajui auachie au asiuachie. Ndipo nikasikia kitu kinanigusa kiwikoni, maana ndipo ulipokuwa unanifika. Ulikuwa umetoka kwenye kwaya ya shule ukapita nyuma yangu. Ukaninong'oneza, "Mama Sesilia." Nikasema, "Ni ndugu Mama Sesilia." Tukasogea. "Mama Desderia." Tukasogea. Tukamaliza mstari mzima hivyo, na mgeni hakujua lolote.

Usiku ule nilikukumbatia nikalia, ukadhani umekosea kutoka kwenye kwaya. Sikulia kwa hilo. Nililia kwa raha, kwa kuwa nilijiona nimepata kichwa kipya, tena kilichosukwa vizuri.

Kichwa hicho nikakitumia bila huruma. Dukani na wewe, kanisani na wewe, msibani na wewe. Wenzako wanacheza rede uwanjani, wewe umesimama kando ya mama yako unanong'ona kama karani. Ukawa unajua koo za watu kuliko wazee. Watu walikusifia kuwa una adabu, hubanduki kwa mama, na mimi nikaitikia sifa hizo kana kwamba ni malezi yangu mema. Sijui kama ulitamani kucheza. Sikukuuliza, na nikiwaza hilo sasa moyo unaniuma.

(Hapa nililala. Nimeamka, jua limeshavuka. Nimesoma tena mwanzo ili nijue nilikuwa naelekea wapi. Nilikuwa naelekea mashineni.)

Siku ile ya mashine ya kusaga wewe ulikuwa shuleni kwenye mtihani. Unga umekwisha, nikajitwisha mahindi nikaenda peke yangu. Nikamkuta Mama Getruda kwenye foleni. Nikafurahi, kwa kuwa jina lake lilikuja lenyewe bila kuvutwa. Kwa furaha hiyo nikamwamkia salamu yote ya kwetu, nikainama, nikapiga makofi taratibu, nikaanza kumwuliza nyumba nzima mmoja mmoja. Getruda hajambo? Wadogo zake? Mbuzi je? Nikamwuliza, "Na Mzee Klementi ameamkaje?"

Mzee Klementi, mumewe, tulikuwa tumemzika. Mimi mwenyewe nilisonga ugali wa msiba.

Aliacha debe lake pale pale chini akaondoka. Mwenye mashine akazima mashine, nami sikujua nimefanya nini! Nikamwuliza mama aliyekuwa nyuma yangu, akageuza uso. Nimefika nyumbani, nimekaa jikoni, ndipo msiba wote uliponirudia, tope la makaburini, maharage tuliyokula bila chumvi, kilio cha Getruda. Vyote vilikuwepo, vimechelewa tu. Watu walisema namkejeli mjane. Wengine walisema mabaya zaidi, na wewe uliyasikia shuleni ukanificha. Kamati nikaiacha. Nikajifungia ndani, nikasema sitoki tena bila Yustina.

Baba yako ndiye aliyenipeleka hospitali ya misheni. Nilikuwa nakwenda kule kwa ajili ya viungo, na sista daktari alishaniambia ugonjwa wangu unaitwa lupasi. Alinieleza kwamba mwili una mgambo wake wa kuulinda, na wa kwangu wamechanganyikiwa, wanakamata wenyeji badala ya wezi. Lakini safari hii aliniuliza, "Na kichwa?" Nikasema hakiumi. Akasema, "Mama, sikuulizi kama kinauma. Nakuuliza kama maneno yanakutoroka." Nililia pale mbele yake, na kamasi juu. Miaka yote nilidhani nageuka mwehu, nimeficha kwa ndugu ndugu zangu, na kumbe mtu anaweza kuniuliza tu, kama anavyouliza choo na usingizi.

Akasema si wehu, wala hakuna mtu aliyenifanyia kitu. Ni ugonjwa ule ule wa viungo, unagusa hata huku juu. Siku nyingine kutakuwa na ukungu, siku nyingine kweupe. Nikichoka, ukungu unazidi. Dawa zitasaidia kiasi, hakuniahidi zaidi ya hapo. Ndizo hizi zilizonivimbisha uso, watu wakamsifu baba yako kwamba ananilisha.

Nilipomaliza kulia nikamwuliza swali moja tu. Nikamwuliza kama nitawasahau watoto. Aliniambia, "Utasahau sufuria motoni kabla hujawasahau watoto." Nimeunguza masufuria mangapi tangu hapo wewe unajua, ndiyo hayo unayoyasugua.

Sasa nisikilize kuhusu Mama Getruda, maana mambo mengine ulikuwa hupo. Baba yako alikwenda kwake bila kuniambia, akamweleza yote ya hospitali. Siku ya pili mama huyo huyo akasimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni. Akasema, "Siku ile nilitaka kukupiga na debe." Nikasema, "Ungenipiga tu." Akaingia, akakaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu. Halafu akaniambia, "Haya, niulize tena."

"Nikuulize nini?"

"Mzee ameamkaje."

Sikuweza. Akaniambia, "Hajaamka, mwenzangu. Lakini tangu tumzike hakuna anayelitaja jina lake mbele yangu. Wananiona nakuja wanahamia habari za mvua. Wewe peke yako umeniuliza." Tukalia wote wawili, kisha akaniomba chumvi, kwa sababu kumbe alipotoka nyumbani aliwaambia watoto anafuata chumvi.

Tangu hapo anakuja na mahindi yake tunapukuchua pamoja. Nikikwama katikati ya maneno, hanitajii. Mwanzoni nilidhani hajui ninachotafuta. Anajua! Anaendelea kupukuchua, macho kwenye gunzi, mpaka neno langu lifike. Likifika anaitikia "enhe", kama vile hakuna kilichotokea. Lisipofika ananiambia, "Basi litakuja kesho, leo niambie kwa Kifipa." Nimegundua kitu hapo, Yustina. Maneno mengi niliyodhani yamekufa huwa yanakuja nikipewa nafasi. Mimi na wewe hatukuwahi kuyapa nafasi. Mimi nilikuwa na hofu, na wewe ulikuwa na mapenzi, basi tukawa tunakimbia.

Nimefika pale palipo pagumu. Nimeacha kalamu nikaenda kutazama maharage jikoni. Hayajaungua.

Siku mwalimu mkuu alipoleta habari kwamba umechaguliwa, nilitoka nje mbio, magoti haya haya, nikapiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Wakauliza, "Kuna nini? Nani kachaguliwa?" Nikafungua mdomo. Ulikuwa umesimama karibu na kinu, umeshika mchi. Nikasema, "Huyu." Wakacheka, wakauliza, "Huyu nani?" Nikasema, "Huyu... huyu wangu." Wakadhani ni furaha imenizidi, wakacheka zaidi. Wewe hukucheka. Uliniangalia tu, na safari hiyo hukunitajia. Ulitaka kuona kama nitalipata mwenyewe. Sikulipata. Uliweka mchi chini, ukaenda kisimani na ndoo iliyokwisha kujaa.

Hatujalisema jambo hilo mpaka leo. Lakini najua siku ile ndipo ulipoamua kutokwenda. Ulijisemea, nikiondoka Mama atanisahau kabisa.

Basi nikwambie nilichokuwa nacho kichwani pale, na jina halipo. Nilijua ulitanguliza miguu kuzaliwa, ukamtoa mkunga jasho. Nilijua hupendi mlenda na unaumeza kwa ajili yangu. Nilijua kovu la gotini umelipata kwa kunikimbilia siku niliyoanguka na mtungi. Nilijua unaogopa radi na unajifanya unafunga dirisha. Nilijua kwamba wewe ndiye mtu ninayempenda kuliko pumzi yangu, na kwamba umefaulu, na kwamba kifua kitapasuka. Mtu mzima mzima alikuwepo mbele yangu, kilichokosekana ni lile neno tu la kumwitia. Wewe uliona mama amekusahau. Hapana, mama. Sikukusahau hata kidogo. Jina lilinirudia wakati nasonga ugali, nikalisema mara nyingi mbele ya moshi, na wewe ulikuwa bado kisimani.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: hakuna atakayenitajia majina. Nitahangaika. Nitamwita padri "ndugu". Nitaulizia marehemu wengine, na Mama Getruda atakuwa pembeni akinitukana kwa upendo. Baba yako ameshazoea kuitwa kwa jina la kaka yake. Siku za ukungu nitalala, siku za kweupe nitalima. Hayo ni maisha yangu na ninayaweza. Nisichokiweza ni kukuona umekaa hapa kijijini, una akili kama hiyo, kazi yako ni kusimama kwenye kiwiko changu. Hilo lingeniua kabla ya lupasi.

Ukija likizo nikakuita Sesilia, itika tu. Nikikuita kwa jina la mbwa wetu, itika vilevile, tutacheka baadaye.

Kesho alfajiri watakuja watu wengi kukuaga pale barabarani, na mimi nitataka kukuita jina lako mbele yao wote. Labda litakuja mara moja. Labda nitasimama mdomo wazi kama siku ile, na dereva ataanza kupiga honi. Usinitajie, Yustina. Hata ukiniona nateseka, usisogee sikioni mwangu. Ningoje kidogo. Dereva akikataa kungoja, wewe panda, kaa upande usiopigwa na mvua, uende. Jina litanikuta njiani narudi nyumbani. Nitaliita kwa sauti hapo hapo kwenye tope, na mtu akiniuliza ni nani huyo ninayemwita na hayupo, nitamwambia ni mwanangu, amekwenda shule.

Mama yako